Uchambuzi wa kisa: bakuli la mbao za paa, lililovunjika kabla halijawa bakuli

## Mbao zilitoka wapi na nani alizitaka

Majina sitaji, mtaa pia sitaji, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili mwenyewe akisoma ajijue yeye tu. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea.

Mi ni seremala hapa Lamu. Karakana yangu ni chumba kimoja cha chini kwenye nyumba ya mawe, mlango unatazama kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kazi zetu ni vitanda, viti, fremu za milango, na mashine ya kukereza tuliyo nayo, yaani inayozungusha mti huku patasi inauchonga, tuliiunda wenyewe, mota moja ya mizunguko 1440 kwa dakika, puli mbili, mkanda, na chuma cha kuegemeza patasi kilichochomelewa na jamaa wa mageti. Tunakerezea matendegu ya vitanda, yaani kitu kirefu chembamba cha inchi tatu nne, na kwa kazi hiyo haijawahi kutusumbua. Hilo la matendegu lishike, tutarudi kwake.

Siku moja kabla ya masika wakaingia kichochoroni punda wawili wamefungwa mbao ubavuni, nyuma yao mama mmoja wa makamo. Alikuwa anavunja paa la nyumba ya marehemu babake. Si ile nyumba ya kale ya boriti za mikoko, hii ni ya mabati, ya miaka ya themanini, na chini ya mabati mbao za saipresi nne kwa mbili zilizoletwa kutoka bara zikavushwa kwa mashua. Chumvi imekula mabati, mbao zimebaki nzima. Akasema, "Fundi, hizi babangu alizipandisha kwa mkono wake. Nataka bakuli moja kubwa la kuwekea tende na halwa siku ya arusi ya binti yangu. Zitakazobaki fanya utakavyo."

Nikamwambia, "Bi, kwa nini usichukue la mwembe au la mwarobaini? Bei yake nafuu na litakaa."

Akanitazama kama nimemkosea adabu. "Nimekuuliza bei ya mwembe?"

Basi ikawa hivo. Arusi wiki saba mbele, malipo tukakubaliana 4,500, na kijana wangu wa kazi, mwenye miaka kumi na tisa, mkono mwepesi, haraka nyingi, nikampa kazi aianze yeye.

Sasa kwa ambaye hajawahi kukereza mbao laini nieleze kidogo shida yake iko wapi, manake ukisikia "laini" unadhani ni rahisi. Ukiutazama ubao wa saipresi au wa msonobari kichwani utaona ile mistari ya miaka ya mti, mmoja mpana mweupe na mmoja mwembamba mweusi mweusi. Ule mpana ni laini kama kizibo, ule mwembamba ni mgumu. Vimelala sambamba mpaka mwisho, laini, gumu, laini, gumu. Sisi wa pwani tumelelewa na mbambakofi na mvule na msaji, mti unaokataa, ukiupiga patasi butu unakwambia hapo hapo. Saipresi haikwambii. Inakuachia upite, inabonyea, halafu inachanika nyuma ya patasi na wewe ushakwenda mbele.

## Kuzichagua

Zilikuja mbao kumi na nne. Tulizichambua siku nzima na hiyo siku sijutii.

Cha kwanza misumari. Paa la mabati lina misumari kila mahali, na mingine kichwa kimekatika kwa kutu mwili umebaki ndani, huuoni. Tukachukua sumaku ya spika iliyoharibika, tukaifunga uzi, tukaipitisha juu ya ubao polepole kama mtu anayetega chambo. Ikitikisika tunatia alama ya chaki. Tukang'oa kama misumari sitini. Sumaku ya spika ni nzuri ila ina mwisho wake, msumari ulioingia chini sana na kupungua kwa kutu inaweza kuupita, na ndo yaliyotukuta baadaye.

Cha pili rangi ya ubao wenyewe. Mbili zilikuwa na ukijani kwa ndani ukizikata, si ukungu, ni ukijani ulioingia kwenye nyuzi. Huo ni ubao uliotiwa dawa ya wadudu yenye shaba, na dawa za zamani za aina hiyo zilikuwa na aseniki ndani yake. Kwa boriti ya paa ni sawa, kwa chombo cha halwa hapana, na hata vumbi lake hutaki kulivuta. Kijana akasema tuzitumie kwa kitako ambapo chakula hakifiki. Nikamwambia ziweke nje, na usizichome jikoni kwenu, moshi wake ni sumu. Tatu nyingine zilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, hizo pia nje, kwa kuwa rangi za enzi hizo huwezi kujua kama hazina risasi. Na jambo moja ambalo watu wananiuliza sana, ni kuhusu mbao za paleti zinazookotwa bandarini: angalia muhuri. HT maana yake ilipashwa moto mpaka nyuzi 56 ndani ya ubao kwa dakika 30, hiyo haina neno. MB ni gesi ya kuulia wadudu, hiyo achana nayo.

Cha tatu moyo wa mti. Ubao ambao kichwani unaonyesha duara kamili la katikati, ule moyo, huo utapasuka leo au kesho kutwa. Tukazitoa nne.

Zikabaki tano safi, ndefu za kutosha. Mama alipopita jioni akazihesabu, "Tano tu?" Nikamwambia bakuli linataka kama mbili, tusijali.

## Kuunganisha

Ubao wa nne kwa mbili haukupi bakuli la inchi kumi na moja kwa kipande kimoja. Kwa hivyo tunapanga. Ukishapiga randa unabaki na upana wa inchi tatu na robo tatu hivi, na unene wa inchi moja na robo tatu. Vipande vitatu ubavu kwa ubavu vinakupa upana wa inchi kumi na moja na kitu, tabaka mbili zinakupa kimo cha inchi tatu na nusu. Tabaka ya juu tulianza na nusu kipande ili kiungo kisiangukie juu ya kiungo, kama mwashi anavyopanga mawe. Nyuzi zote zikaelekea upande mmoja. Kuna watu wanapenda kupishanisha tabaka, hii hivi na hii hivi, wanasema inapata nguvu, na kwa ubao mwembamba wa plaiwudi ni kweli, ila kwenye bakuli nene unajitafutia balaa, manake ubao unavimba na kunywea kwa upana, kwa urefu hauondoki, sasa ukizifunga zikivutana mmoja lazima aachie.

Klampu tulikuwa nazo nne tu na moja imekula uzi. Tukafanya kama mafundi wa majahazi wa Matondoni wanavyofanya wakikosa chuma, kamba na kabari, unazungusha kamba, unapigilia kabari mpaka gundi itoe jasho pembeni. Gundi nyeupe ile ya maji, aina isiyoogopa unyevu. Tukaiacha siku nzima na usiku wake.

Mpaka hapo ungetuona tumefanya kila kitu sawa. Kosa lilikuwa limeshaingia na sikuliona. Mbao zile kijana alizipiga randa Jumatatu. Mvua ikaanza, kukawa na kazi ya mlango wa watu, gundi ikatiwa Alhamisi.

## Siku lilipovunjika

Nilikuwa msikitini, adhuhuri. Niliondoka nikamwambia gogo ulikate pembe zake ulifunge kwenye sahani ya chuma ya mashine ila mashine usiiwashe mpaka nirudi. Nimerudi nimekuta mlangoni watu watatu na kijana amekaa kwenye ngazi ya jirani, mikono inamtetemeka.

"Ami, haikunipata."

Aliiwasha. Puli zilikuwa zile za matendegu, ya inchi nne kwenye mota na ya inchi nne kwenye mhimili unaozungusha ubao, yaani ile 1440 ya mota ndo inayofika kwenye ubao. Kwa tendegu la inchi tatu ni mwendo wa kawaida. Kwa gogo la inchi kumi na moja, ambalo bado lina pembe pembe na upande mmoja mzito kuliko mwingine, ukingo wake unakwenda mita 21 kwa sekunde, piga hesabu ni kama kilomita 76 kwa saa. Mashine ikaanza kutembea sakafuni. Badala ya kuizima akaegemeza patasi. Patasi ikanasa, na kipande cha nje cha tabaka ya juu kikang'oka kizima kikapiga mlango. Alama iko pale mpaka leo, chini kidogo ya komeo.

Na alikuwa amevaa kikoi. Kikoi, mbele ya mkanda unaozunguka. Hilo nalo ni langu, manake mi mwenyewe navaa kikoi karakana miaka yote na yeye ananiangalia mimi.

Nikakiokota kile kipande nikakipeleka mwangani. Upande uliovunjika ulikuwa unang'aa kama kucha. Gundi tupu, laini, haina hata unyuzi mmoja wa mbao ulioshikana nayo. Kiungo kizuri kikivunjwa hakivunjikii kwenye gundi, kinavunjikia kwenye mbao, unaona makovu ya nyuzi pande zote mbili. Hiki kilikuwa hakijawahi kushika. Kilikuwa kimebandikwa tu.

Kwa hivyo mwendo ulikivunja, sawa, lakini hata kwa mwendo wa taratibu kingevunjika siku moja, pengine mbele ya wageni na halwa ndani yake.

Nikaenda kumwambia mama. Sikupenda kwenda. Akanisikiliza, akauliza kama kijana ameumia, nikasema hapana, akasema, "Basi mbao si zipo nyingine?"

## Mara ya pili

Tulibadilisha mambo mawili makubwa.

La kwanza ni randa na gundi siku moja, saa moja ikiwezekana. Ubao wa zamani, hata ukishaupiga randa, ukikaa siku tatu kwenye hewa ya Lamu wakati wa masika uso wake unabadilika, unanywa unyevu, unajikunja unywele mmoja hivi, utomvu unapanda juu, na gundi haipati pa kuingia. Miaka arobaini chini ya bati la moto ubao umekauka mkavu, ukiuteremsha kwenye chumba cha chini karibu na bahari unakunywa maji ya hewa kama mgeni aliyefungua saumu. Safari hii tuliziacha wiki mbili nzima karakana zitulie kwanza, halafu asubuhi randa, kabla ya adhuhuri gundi. Na kabla ya kuunganisha vipande vya kweli tukaunganisha vipande vya kutupa vya ubao ule ule, kesho yake tukavipiga nyundo. Vikapasuka kwenye mbao. Hapo nikapumua.

La pili ni puli. Tukatafuta kwa jamaa wa mashine za kusaga puli ya inchi nane na ya sita. Ya inchi tatu kwenye mota na ya nane kwenye mhimili unapata mizunguko 540, ya tatu na ya sita unapata 720. Kuna hesabu wakerezaji wengi wanaitumia: zidisha upana wa kipande kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kumi na moja mara 720 ni 7,920, uko ndani. Kumi na moja mara 1440 ni 15,840, na hiyo ndo iliyopiga mlango wangu. Kwa gogo ambalo halijawa duara tulianza na 540 na pembe tukazikata na msumeno mpaka likawa na pande kumi na sita, lisipige kelele. Kijana suruali, mikono ya shati imekunjwa, kinga ya kioo usoni, anasimama kando, si mbele ya ukingo. Kikoi changu nimekitundika.

Nje tulikereza kutoka kitako kwenda mdomoni, yaani kutoka padogo kwenda pakubwa, kwa sababu hivo kila unyuzi unaoukata una mwenzake chini yake wa kuushikilia. Ndani ni kinyume, kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukikosea njia saipresi inang'oka mabonge.

Na hata ukifuata njia kuna pahala pawili ambapo patakusumbua. Bakuli likizunguka patasi inakutana na nyuzi zilizolala mara mbili na vichwa vya nyuzi mara mbili, kila mzunguko. Penye vichwa, zile sehemu laini zinalala badala ya kukatwa, halafu zinachomolewa. Ukizima mashine unaona madoa mawili yanatazamana, mabaya, kama shavu la mtu ambaye hakunyoa vizuri. Kijana akasema "msasa utaitoa." Nikamwacha, nilitaka aone.

## Msasa

Alichukua msasa namba 60 akaukandamiza na vidole pale penye doa, mashine inazunguka. Dakika kumi. Doa likapungua, kweli, halikuisha. Nikamwambia zima, funga macho, pitisha kiganja.

Akapitisha. Akarudia. "Ami, lina mawimbi."

Ile mistari laini ilikuwa imeliwa, ile migumu imesimama, ukigusa unasikia kama mchanga wa ufukweni maji yakishateremka. Kwa macho huoni sana, kwa kiganja unajua mara moja, na mafuta yakishaingia unaona hata kwa macho. Msasa haujui kukata sawa, unakula kilicho laini kwanza, na kidole nacho ni laini kinaufuata ndani ya shimo. Na kwa kuwa alibonyeza pale penye doa tu, bakuli halikuwa duara tena, lilikuwa limezama pande mbili.

Tukarudi nyuma. Nikainoa bobari yangu, ile patasi ya mdomo wa duara, kwenye jiwe, halafu kwenye kinoo cha mafuta, mpaka inanyoa nywele za mkono bila kushurutisha, na huu si utani, kwa mbao laini kama hainyoi nywele haijanoleka. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikapaka kidogo pale penye vichwa vya nyuzi ili zilegee na kushikana. Mkato wa mwisho ukawa mwembamba sana, ule mgongo wa makali unasugua bila kuuma, taka inatoka kama nywele ndefu, haitoki vumbi. Nusu dakika, nikarudi kunoa. Mkato mmoja mwingine, kunoa tena. Kijana akahesabu: nimenoa mara kumi na nne kwa bakuli moja. Madoa yale mawili yakaondoka karibu yote.

Baada ya hapo msasa ukawa na kazi ndogo. Tulianzia 120, nyuma yake kipande cha ndara ya mpira ili usizame, halafu 180, halafu 240, na ya mwisho mashine imezimwa, kwa mkono, kufuata nyuzi. Kila mara unagonga msasa, manake utomvu unaujaza na msasa uliojaa unachoma ubao badala ya kuukata.

## Msumari

Haya yalitokea katikati, nimeyaacha nyuma kwa kuwa ni kisa ndani ya kisa. Tunachimba ndani, tumefika nusu, nikasikia tik, cheche moja, na bobari ikapata pengo. Msumari. Mwembamba, umekatika pande zote mbili, sumaku iliupita. Kuzunguka kwake ubao umekuwa mweusi wa buluu, duara kama la sarafu ya shilingi tano.

Tungeweza kukwepa kwa kubadilisha umbo, bakuli lingekuwa la kina kifupi. Nikampigia simu mama. Akaja mwenyewe, akaingiza kidole akaupapasa ule msumari. "Huu ni wake," akasema, na hakuongeza neno.

Basi weusi tumeuacha. Msumari wenyewe nikauchokoa na keekee ndogo, chakula na kutu havikai pamoja, na shimo nikalipigia kijiti cha mbambakofi, nyuzi zikielekea zilikoelekea za bakuli. Chekundu ndani ya manjano, kinaonekana. Bobari ilinichukua saa nzima kuirudisha.

Unene tuliuacha milimita kumi na mbili ukutani na zaidi kidogo kitakoni. Kijana alitaka jembamba kama yale ya mpingo ya kuuzia wageni. Mbao laini ikikerezwa nyembamba inatetemeka mbele ya patasi, na ikikamilika mtu akiliangusha mara moja basi.

Kitako tulikuwa tumekibandika kwenye kipande cha kutupa, katikati tumeweka karatasi ya khaki. Ukimaliza unaingiza patasi kwenye karatasi, unagonga kidogo, linaachia. Kazi ya wazee, na haijawahi kuniangusha.

## Mafuta

Hapa nusura tuharibu kila kitu kwa neno moja. Nilimtuma kijana akaniletee parafini ya kupaka bakuli. Akarudi na chupa ya mafuta ya taa. Kosa ni langu, kwetu ukisema parafini mtu anajua ni ya jiko na kandili, wala hakukosea. Ninayoitaka mimi inauzwa famasi, haina rangi wala harufu, watu wanaitumia kwa tumbo lililofunga, na ukiifuata omba likwidi parafini, waambie ni ya kunywa, usiseme parafini tupu. Tangu siku ile mi nasema "mafuta ya famasi" basi.

Mafuta ya nazi ndo watu wengi wangepaka hapa, yapo kila nyumba. Yanang'arisha vizuri wiki ya kwanza, baadaye yanachacha ndani ya ubao, na tende zako zinanuka. Vanishi nayo kwenye mbao laini inapasuka kila chombo kinapogongwa na kijiko. Tukapaka mafuta ya famasi mara tano kwa siku tano, ubao ukawa unakunywa tu, mara ya mwisho tukayayeyushia nta ya nyuki kidogo.

## Lilivyokwenda

Likafika siku tatu kabla ya arusi. Liliwekwa tende na halwa, na mwisho wa shughuli likawekwa asumini. Mama akalipa 4,500 na akamtunza kijana mia tano zake peke yake. Mi nikipiga hesabu ya saa, puli mbili, gundi mara mbili na bobari, nilipata hasara.

Miezi mitano baadaye akalirudisha. Kiungo kimoja cha tabaka ya juu kimeachia upande wa mdomo, ufa wa kupitisha karatasi, urefu wa kidole. Nikamuuliza kilichotokea, akasema binti alililaza usiku kucha kwenye karai la vyombo. Mi nilimwambia mama asiliroweke, binti sikumwambia.

## Nikiliangalia sasa

Lililofanya kazi ni uchaguzi wa mbao. Siku ile nzima ya chaki na sumaku na kunusa vichwa vya mbao ilionekana uzembe, kijana alikuwa anachezesha mguu anataka kuanza, na ndo iliyotuokoa na dawa na rangi na moyo wa mti. Sumaku ilikosa mmoja kati ya sitini na kitu. Safari nyingine ningekata vipande kwanza kwa urefu wa inchi kumi na tatu halafu nipitishe sumaku pande zote nne za kila kipande, badala ya ubao mzima upande mmoja.

Lililoharibika zaidi nadhani si mwendo wa mashine, ingawa ndo uliotuogopesha. Kijana alishajua haruhusiwi kuwasha, na puli zilizokuwepo zilikuwa zangu, mi ndiye niliyemwachia mashine ya matendegu nikamwambia akereze bakuli. Kilichonisumbua zaidi ni ile siku tatu kati ya randa na gundi, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa kosa. Mwendo unapiga kelele. Gundi mbaya inanyamaza mpaka siku yake. Kwa mbambakofi ya milango huwa tunapiga randa wiki hii tunaunganisha wiki ijayo na hakuna kitu, ila mlango una ulimi na tundu na kigingi cha mti vinavyoushika, gundi ni nyongeza. Bakuli halina kigingi, gundi ndo kila kitu. Tulichukua mazoea ya mlango tukayaleta kwenye bakuli.

Kuhusu msasa, nilimwacha kijana aharibu makusudi na bado sijui kama nilifanya vizuri. Tulipoteza karibu milimita tatu za unene kurudisha duara, na kama ukuta ungekuwa mwembamba zaidi tusingekuwa na pa kurudi. Lakini tangu siku ile sijamwambia tena anoe patasi, ananoa mwenyewe, na akimaliza anafunga macho anapitisha kiganja.

Mzee mmoja fundi wa mashua alikuja kuliangalia akacheka, akasema saipresi ni ya masanduku ya samaki, bakuli ni la mti wenye mwili. Nusu namkubalia. Kama mtu anataka bakuli tu, mwarobaini upo kila ua na unakerezeka vizuri. Ila mbao mpya za bara bei yake sote tunaijua tangu zile marufuku za kukata miti misitu ya serikali 2018, na mbao za mapaa ya zamani zinachomwa kwenye tanuri kila wiki, misumari na yote.

Ufa nimeshaufungua kwa msumeno mwembamba, nimesugua gundi ya zamani ikatoka, nimetia mpya na kamba na kabari. Ulishika, nimeugonga. Vipande vinane vya inchi kumi na tatu bado viko juu ya kabati, na yule binti ametuma salamu anataka la pili, la kwake. Nimemjibu asubiri kusi ipite, mbao zikauke.